Nanowaya za silikoni zimeinama ovyo na kilele cha Raman kimeshuka: jibu langu

Mkuu, umeuliza mawili: kwa nini nanowaya (waya nyembamba mno) zako za silikoni zimeelekea kila upande wakati bamba lako ni la (111), yaani fuwele yake imekatwa ili waya ziote wima, na kama kilele cha Raman (kipimo cha mitetemo ya atomi kwa mwanga wa leza) kushuka kutoka 520 hadi 514 cm⁻¹ ni athari ya kwantamu, yaani ya waya kuwa nyembamba mno. Nimeshinda na tanuri hizi miaka kadhaa. Nianze na la pili, maana ndilo litakalokuumbua wakaguzi wakiisoma makala yako.

Umesema kipenyo ni nanomita 60. Kwa silikoni, athari hiyo huanza kuonekana kwenye Raman waya zikishuka chini ya nanomita 10 hivi. Wewe uko mbali sana. Mshukiwa ni leza yako. Waya nyembamba hupitisha joto vibaya kuliko silikoni nzima, na zako umezikwangua ukazilaza juu ya kioo, kwa hiyo joto halina pa kwenda. Silikoni ikipata moto, kilele hushuka na kutanuka, takriban 0.022 cm⁻¹ kwa kila nyuzi moja. Piga hesabu: kushuka kwa 6 ni kama nyuzi 270 juu ya joto la chumba. Unazichoma!

Ubishi huu unaumaliza hivi. Acha kila kitu kilivyo, punguza nguvu ya leza tu: nusu, robo, kisha sehemu ya kumi. Kilele kikipanda kuelekea 520, jibu umelipata. Halafu rudi kwenye nguvu ya mwanzo. Kisiposhuka tena palepale, jua sampuli yenyewe imebadilika, na vipimo vyote vya doa lile uvitupe. Mwenye subira apime pia upande wa anti-Stokes, yaani mwanga uliorudi na nishati zaidi ya ile ya leza. Uwiano wake na Stokes, uliorudi na nishati pungufu, unampa joto lenyewe.

Sasa kuinama. Tangu watafiti Wagner na Ellis walipoeleza njia hii ya kuotesha waya kwa tone la dhahabu mwaka 1964, siri ni ileile: dhahabu na silikoni zikikutana huyeyuka kwenye nyuzi 363 tu, tone linashiba silikoni kutoka kwenye gesi, ziada inaganda chini yake na waya inarefuka. Ili isimame wima, tone lazima liguse fuwele ya bamba moja kwa moja. Kukiwa na utando wa oksidi katikati, hata wa nanomita moja au mbili, waya haijui wima ni wapi.

Kabla ya kulaumu chochote, piga picha ya hadubini ya elektroni kutoka juu kabisa. Ukiona waya zilizoinama zimejipanga katika pande tatu, nyuzi 120 kati yake, tulia: hizo zinafuata fuwele, kwa kuwa mielekeo mingine mitatu ya <111> (njia za fuwele ambazo waya hupenda kuzifuata) hupishana kiasi hicho zikitazamwa kutoka juu. Hapo shida iko kwenye joto au mgandamizo wa silani (ile gesi inayoleta silikoni). Zikiwa shaghalabaghala, ni oksidi. Chovya bamba kwenye asidi haidrofloriki (jeli ya kalisi glukoneti, dawa ya kuungua kwa asidi hii, iwe mezani kabla hujafungua chupa, hili halina mjadala) na ulitazame likitoka: maji yakiteleza yote na uso ukabaki mkavu, oksidi imetoka. Yakitanda, bado. Kisha usilikalishe hewani, peleka kwenye tanuri. Mimi huongeza asidi kidogo kwenye kimiminika cha chembe za dhahabu pia, kwa sababu oksidi hujirudia wakati kimiminika hicho kikikauka juu ya bamba.

Zile zenye shina nene na ncha nyembamba kama mwiba, shusha joto kidogo. Silani inavunjikia ubavuni badala ya kwenye tone.

Weka hapa hiyo picha ya juu, na utaje nguvu ya leza kwenye sampuli yenyewe, sio ile iliyoandikwa kwenye mashine.