DESTROY_SESSION inakubali, DESTROY_CLIENTID inagoma

Habari mkuu. Nimekuelewa hivi: kwenye seva yako ya Linux ya NFSv4.1 (itifaki ya kutumia mafaili kupitia mtandao) unaua sesheni, yaani njia ya mawasiliano ya klayenti na seva, kwa DESTROY_SESSION, inarudi NFS4_OK (imefaulu), ukituma DESTROY_CLIENTID ili kufuta client ID, yaani utambulisho wa klayenti kwa seva, unapigwa kosa la NFS4ERR_CLIENTID_BUSY (bado inatumika).

Seva usiilaumu bado. Kuua sesheni hakugusi mafaili uliyofungua wala kufuli zake. Hivyo vinashikiliwa na client ID. Mimi hili lilinila siku nzima: skripti yangu ya pynfs (zana ya Python ya kujaribu seva za NFS) ilifungua faili, ikasahau CLOSE, amri ya kulifunga. Basi anzia /proc/fs/nfsd/clients. Kila klayenti ana folda yake, na ndani kuna faili liitwalo states. Ukikuta hata mstari mmoja wa open, mchawi ndiye huyo. Na kwa kuwa sesheni umeshaiua, CLOSE haina pa kupitia. Piga CREATE_SESSION upya kwa client ID ileile, funga faili, ndipo uue tena sesheni na kutuma DESTROY_CLIENTID.

States ikiwa tupu, hesabu sesheni zako. Klayenti mmoja anaweza kuwa nazo kadhaa, na ukiacha hata moja BUSY haiondoki.

Halafu NFS4_OK peke yake isikuridhishe (wengi huishia hapo). Tuma SEQUENCE (amri inayotaja sesheni ombi linapopitia) yenye ID ya sesheni uliyoua: lazima irudi NFS4ERR_BADSESSION, yaani sesheni hiyo haipo. Kama DESTROY_SESSION unaitanguliza na SEQUENCE ya sesheni hiyohiyo, hiyo DESTROY_SESSION iwe ya mwisho kwenye COMPOUND (ombi moja lenye amri kadhaa).

Ukikwama, tupia hapa kapcha ya tcpdump (zana ya kunasa pakiti za mtandao) ya poti 2049, ile ya NFS.