Je, nimkataze mwanangu kuwa na marafiki kabisa?

SWALI: Assalaamu alaykum, sheikh. Mwanangu wa miaka 15 alikutwa akivuta sigara na wenzake wawili. Mhubiri mmoja akaniambia zama hizi ni za fitna, kijana asiachiwe rafiki yeyote: atoke shule, aswali, arudi ndani. Nimefanya hivyo. Sasa hanisemeshi, anashinda chumbani na simu. Je, nimekosea?

JIBU: Wa alaykumus salaam. Dada yangu, hukukosea kuogopa. Kumzuia asikae na wale wawili wanapovuta ni wajibu wako kama mzazi. Kinachonisumbua ni hayo uliyoambiwa, kwani siku hizi nayasikia mno, na watoto wanaumizwa kwa jina la dini.

Wasemao hivyo hushikilia hadithi ya mbeba miski na mvuvia moto wa mhunzi, iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Hadithi ni sahihi, ila wao huichukua nusu. Mtume (s.a.w.) alitaja watu wawili, mfano wa rafiki mwema na rafiki mbaya. Mvuvia moto atakuunguzia nguo au akuachie harufu mbaya. Mbeba miski atakupa, au utanunua kwake, au angalau utanusa harufu nzuri. Wa kwanza ametajwa ili aepukwe. Wa pili ametajwa kwa nini, kama si ili atafutwe? Amri ya kumkatia kijana watu wote imetoka wapi?

Tena Bukhari na Muslim hao hao wamepokea kisa cha mtu aliyeua watu 99, kisha akamwua mtawa aliyemwambia hana toba, wakatimia 100. Mwanachuoni aliyemfungulia mlango wa toba hakumwambia ajifungie. Alimwambia aihame nchi yake mbovu, aende kwa watu wanaomwabudu Mwenyezi Mungu, aabudu pamoja nao. Muuaji wa watu 100 ameelekezwa kwa watu wema, mvulana aliyevuta sigara ahukumiwe upweke? Na Mtume mwenyewe, katika Suratul Kahf aya ya 28, ameamrishwa asubiri pamoja na wanaomwomba Mola wao asubuhi na jioni.

Isitoshe, kijana aliye chumbani na simu hajatengwa na mtu. Marafiki anao, ila wewe huwajui.

Basi haifai kumkataza marafiki wote. Mfungulie. Mwombe radhi kwa ukali uliozidi. Heshima yako haitapungua. Muulize yeye anampenda nani darasani na kwa nini, umsikilize bila kumkatiza. Waalike nyumbani, wale chakula chako, ujue majina yao na wazazi wao. Usimwaibishe mbele yao hata akikosea. Mtafutie jambo la kufanya na wenzake, iwe darsa, mpira au kazi ya kujitolea, maana vijana hushikamana zaidi wanapofanya kitu pamoja kuliko wanapohubiriwa.

Na wale wawili ni watoto wa watu. Zungumza na mama zao kwa upole, bila kushtaki. Huenda nao hawalali kama wewe.

Akiendelea kunyamaza, mwombe mjomba wake au mwalimu anayemwamini akae naye.

Wallahu a'lam.