Maswali ya Wasomaji: Je, Agnostiki ni Mkana Mungu?

SWALI: Ndugu Mhariri, kwa muuza vitabu vya zamani pale Posta nilinunua kitabu kisicho na jalada, chenye mihadhara ya Mmarekani aitwaye Robert Ingersoll, aliyejiita agnostiki, nikakisoma mpaka alfajiri. Baba yangu ni mwinjilisti, nami sijathubutu kumwonyesha. Je, agnostiki ni sawa na mkana Mungu? Na baada ya huyu nimsome nani?
Msomaji, Tabata

JIBU: Ndugu msomaji, Ingersoll naye, aliyezaliwa mwaka 1833 katika jimbo la New York, alikuwa mtoto wa mchungaji. Alikuwa wakili, kanali katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, kisha Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Illinois, na watu walilipa kiingilio ili wamsikilize. Kwa hiyo msome kwa sauti, kwani maneno yale yalitungwa kwa ajili ya masikio. Binafsi namheshimu zaidi kwa jambo la Oktoba 1883, pale Mahakama ya Juu ya Marekani ilipobatilisha sheria iliyokataza watu weusi kubaguliwa katika nyumba za wageni, vyombo vya usafiri na kumbi za burudani: alisimama Washington pamoja na Frederick Douglass, aliyezaliwa utumwani, wakaipinga hukumu hiyo hadharani.

Neno agnostiki lilitungwa mwaka 1869 na Thomas Huxley, mwanasayansi wa Uingereza. Mkana Mungu husema kwamba Mungu hayupo, ilhali agnostiki wa Huxley husema kwamba hajui, na kwamba si haki mtu kudai hakika juu ya jambo asilo na ushahidi nalo. Usiwatie wote katika kapu moja, maana hata mwandishi Thomas Paine, ambaye kitabu chake The Age of Reason kilianza kutoka mwaka 1794 na kuwaudhi mno wakuu wa makanisa, alikiri humo kwamba anamwamini Mungu mmoja.

Baada ya Ingersoll, soma insha ya Huxley ya mwaka 1889 iitwayo Agnosticism, kisha mhadhara alioutoa mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell jijini London mwaka 1927, Why I Am Not a Christian. Tena usisahau nyumbani: Shaaban Robert, Mwislamu ambaye imani yake iko wazi katika tungo zake, alizitia katika Kiswahili rubai, yaani beti za mistari minne, za Omar Khayyam, mshairi wa kale wa Uajemi, zilizojaa maswali juu ya kifo na majaliwa, wala hakuona kwamba kuzisoma kunamwondolea mtu dini yake.

Kuhusu baba yako, nakusihi usimfiche, wala usimpelekee kitabu kizima kama mtu anayetafuta ugomvi. Chagua mhadhara mmoja, Why I Am an Agnostic wa mwaka 1896, ambamo Ingersoll anasimulia mahubiri aliyoyasikia utotoni, umsomee baba sehemu hiyo, kisha umuulize yeye, kama mhubiri, angemjibu nini mtoto yule.