Kupima sonona kwa aliyeumia uti wa mgongo: kwa mnaoanza kazi wodini

“Hata ningekuwa mimi ningehuzunika.” Kauli hiyo utaisikia sana wodini, na ndiyo inayowanyima wagonjwa matibabu. Huzuni baada ya kupooza hutarajiwa; sonona ni ugonjwa. Humpata takriban mtu 1 kati ya 5, yaani wengi hawaupati, na anayeupata hutibika. Usikisie, pima. (Anayetumaini kutembea tena si lazima awe anaukana ukweli. Mwacheni na tumaini lake maadamu anafanya mazoezi na kutunza ngozi.)

Dodoso la PHQ-9 lina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila jibu likiwa na alama 0 hadi 3. Jumla ikifika 10, mgonjwa anahitaji tathmini kamili. Alama peke yake haithibitishi ugonjwa. Asiyeweza kushika kalamu msomee, ila si wakati wa kumgeuza au kumsafisha. Vuta kiti ukae macho yenu yalingane, maana aliyelala chali hakuoni vizuri ukisimama miguuni pake. Ndugu watoke kidogo. Mke au mama akiwa pembeni, swali la 9, linalohusu kutamani kufa au kujidhuru, ni rahisi kujibiwa “hapana” ili kumlinda yeye.

Wageni wengi hukwama kwenye usingizi, uchovu na hamu ya kula. Mtu anageuzwa kila baada ya saa 2; atalalaje? Usiyaruke maswali hayo wala usimpunguzie alama. Andika alivyojibu, kisha uliza kinachomwamsha: kugeuzwa, maumivu ya neva, misuli kukakamaa, au mawazo? Na akishaamshwa, hurudi kulala? Halafu tazama maswali 2 ya kwanza, kukosa raha na kukata tamaa. Bila angalau moja kati ya hayo, utambuzi wa sonona hausimami.

Mwili nao huvaa sura ya ugonjwa wa akili. Mwenye jeraha la T6 (pingili ya 6 ya mgongo, usawa wa kifua) au juu zaidi akiumwa kichwa ghafla, akitoka jasho usoni na kujawa hofu, usikimbilie kumtuliza kwa maneno wala kwa sindano ya usingizi. Pima presha. Kwa wengi wao namba ya juu ya presha huwa 90 hadi 110, kwa hiyo 135, ambayo kwa mwingine usingeishtukia, hapa ni dharura. Mkalishe wima, legeza nguo na mikanda, angalia kama katheta (mpira wa mkojo) imejikunja au kuziba, kisha fikiria kinyesi kilichojaa utumboni. Mwite daktari huku ukipima tena kila dakika 2 hadi 5. Kisababishi kisipoondolewa, kiharusi kinaweza kufuata.

Kwa aliyenyamaza au kupoteza kumbukumbu, waza pia maambukizi ya mkojo, pumzi kukatika usingizini, na jeraha la kichwa ambalo halikuonekana siku ya ajali. Aliyeanza ghafla kuona vitu visivyokuwepo, uliza kama baclofen yake (dawa ya kulegeza misuli) imekatizwa.

Akianzishiwa dawa ya sonona, kazi yako ni kufuatilia. Amitriptilini huweza kuzuia mkojo, kufunga choo na kushusha presha anapoketishwa, mambo ambayo tayari yanamsumbua. Baadhi ya dawa nyingine za sonona huongeza mikazo ya misuli. Ukiziona dalili hizo, ripoti. Usimwachie aache dawa kimyakimya.

Kujiua kuulizwe waziwazi: “Umewahi kufikiria kujiua? Umepanga vipi?” Kuuliza hakumpandikizii wazo. Angalia vidonge alivyojiwekea chini ya mto, na mchukulie kwa uzito anayekataa kugeuzwa, kula au kutolewa mkojo, kwani hiyo nayo yaweza kuwa njia. Swali la 9 likipata hata alama 1, mtaalamu wa afya ya akili aarifiwe siku hiyohiyo, na mgonjwa mwenye mpango asiachwe peke yake mpaka afike. Rudia dodoso kabla ya ruhusa na kwenye kila kliniki, kwa sababu wengi huanza kulemewa wakishafika nyumbani.