"Maadili ya wadau" au "thamani za wadau"?

SWALI: Naandaa ripoti kuhusu kupima miradi ya mifumo ya taarifa kwa kuangalia kila mdau anajali nini. Niliandika "ufanisi wa miradi kwa kuzingatia thamani za wadau". Mwenzangu kasahihisha: "maadili ya wadau". Ipi sahihi?

JIBU: Maadili hayafai hapa. Anayesoma "maadili ya wadau" ataelewa unachunguza mwenendo wao, kama ni waaminifu au wala rushwa. "Thamani za wadau" nayo inapotosha kwa upande wake, maana wadau wenyewe ndio wanaoonekana kupimwa nani ana uzito kuliko mwenzake. Wapo wanaopendekeza tunu. Neno zuri, ila limezoea mambo makubwa kama utu na umoja. Linamwelemea mtu anayetaka tu mfumo usikatike katikati ya kazi.

Tumia kitenzi: "mambo wanayoyathamini wadau". Kirejeshi (ile "-yo-" ya "wanayoyathamini") kikiwa ndani ya kitenzi, mtenda hufuata nyuma. "Mambo wadau wanayoyathamini" husikika sana, lakini kwenye ripoti ningeirekebisha. Ukitaka wadau watangulie, ipo amba-: "mambo ambayo wadau wanayathamini".

Hukuuliza kuhusu ufanisi, nami naona hapo ndipo penye tatizo kubwa zaidi. Ufanisi tayari ni hukumu. Mradi wa hospitali ukikamilika kwa wakati na ndani ya bajeti, meneja atasema una ufanisi. Karani wa mapokezi anayefungua kurasa nne ili amsajili mgonjwa mmoja, huku foleni ikirefuka, atasema mfumo umeshindwa. Wote wawili wanasema kweli, na ripoti yako inataka kuwasikia wote. Andika utendaji, ambao waweza kuwa mzuri au mbaya. Hata watafiti William DeLone na Ephraim McLean, walipotoa modeli yao ya mafanikio ya mifumo ya taarifa mwaka 1992, hawakuishia kwenye ubora wa mfumo. Waliweka pia matumizi yake na kuridhika kwa mtumiaji.

Na usiwageuze wadau kuwa watumiaji. Mgonjwa hagusi kompyuta ile, lakini taarifa zake zimo humo, na siri yake anaithamini kuliko kasi ya mfumo. Kwa hiyo kichwa kiwe: "Kupima utendaji wa miradi ya mifumo ya taarifa kwa kuzingatia mambo wanayoyathamini wadau".