Kabla ya kuuliza cc ngapi, jua mzigo wako: kuchagua injini ya pikapu huku Kusini mwa Tanzania

Minada ya korosho ikishaanza Oktoba, simu yangu haipumziki. Bei ya kilo ilipovuka shilingi 4,000 kwenye minada ya mwanzo ya msimu wa 2024/2025, watu wengi wa Newala, Tandahimba na Masasi walishika hela ya maana kwa mara moja, na wengi wao wakawaza pikapu. Swali ninaloletewa huwa lile lile: "Nichukue ya cc ngapi?"

Kazi yangu ni kusafirisha mizigo kwa pikapu kati ya Mtwara, Newala na Masasi, na nikipata mteja mzuri nafika Nachingwea na Liwale. Nimeendesha injini ndogo na kubwa, zenye turbo (feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini) na zisizo na turbo, za kwangu na za kuajiriwa. Swali hilo naliheshimu, lakini limeanzia katikati. Cc ni ukubwa wa nafasi ambamo pistoni hupanda na kushuka, basi. Hazikuambii gari limeruhusiwa kubeba kilo ngapi, wala litapandaje mlima likiwa limejaa.

Anza na kilo. Mfuko wa saruji ni kilo 50, kwa hiyo mifuko 20 ni tani moja. Maji ya lita 1,000 ni tani moja kabla hujapima tangi lenyewe, na jamaa zetu wa juu Makonde wanaofuata maji mabondeni wanalijua hilo vizuri. Gunia la korosho lililoshindiliwa linakaribia kilo 80. Ukipakia 12 umeshaikaribia tani. Pikapu nyingi za aina ya Hilux, D-Max, L200 au Ranger zimeruhusiwa na kiwanda kubeba tani moja hivi. Land Cruiser pikapu, ambayo wengi huiona kama lori dogo, inazidi hapo kidogo tu.

Hapa ndipo hela nyingi zinapopotea. Mtu ana magunia 25 kila safari, anaongeza mamilioni ili apate injini kubwa, akitegemea itambebea tani mbili. Injini itazivuta, sikatai. Lakini fremu, springi za nyuma, beringi na breki havikutengenezwa kwa tani mbili, na havijali una silinda nne au sita. Mwenye mzigo huo atafute Canter, akijua kwamba gari ambalo uzito wake wa jumla unaanzia kilo 3,500 linatakiwa kupita mizani barabarani. Na mwenye ndoo za samaki na viroba vya unga hapa hapa Mtwara mjini, mimi simshauri pikapu kabisa. Kirikuu cha cc 660 kinamtosha, na faida yake ya siku ataiona.

Ukishajua kilo, ndipo uangalie nguvu ya kuvuta. Kwenye karatasi za gari huandikwa kwa Nm, na pembeni yake mizunguko ya injini kwa dakika. Namba hizo mbili zisomwe pamoja. Hilux ya zamani yenye injini inayoitwa 5L (hilo ni jina tu), dizeli ya lita 3.0 isiyo na turbo, ina Nm 200 hivi. Injini ya 1KD nayo ni lita 3.0, lakini kwa kuwa ina turbo na intakula, kipoza hewa ya turbo, inafika Nm 343. Ile ya lita 2.8, 1GD, ni ndogo kuliko zote mbili, na ilipoanza kufungwa kwenye Hilux mwaka 2015 ilikuwa na Nm 450 kwa gari la otomatiki. Mwaka 2020 zikapandishwa hadi 500. Sasa iweke hapo 1HZ ya Land Cruiser, lita 4.2, silinda sita. Nm 285. Yenye cc nyingi kuliko zote imepitwa kwa mbali na ya 2.8.

Kwa nini basi watu wanaofanya kazi Liwale bado wanaitafuta 1HZ kwa udi na uvumba? Ni kwa sababu ya ile namba ya pembeni. Zile 285 zinatoka injini ikiwa kwenye mizunguko 2,200, na hata chini ya hapo sehemu kubwa unayo. Haina turbo ya kusubiri. Injini ya turbo ikiwa kwenye mizunguko 1,000 au 1,200 bado haijapata hewa ya kutosha, kwa hiyo wakati huo unaendesha injini ndogo tu. Barabarani hulioni hilo. Utaliona umesimama kwenye mchanga na tani moja mgongoni, unaachia klachi taratibu ili tairi zisichimbe. Wakati huo Nm 343 za kwenye karatasi ziko mbali, na ukikanyaga mafuta ili uzifikie, zinakuja zote pamoja na gari linajizika. Dereva mzoefu anaweka 4L, ile gia nzito ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, mapema, kabla ya kunasa, maana gia ile inazidisha nguvu ya injini zaidi ya mara mbili. Injini ya 2.5 iliyowekwa 4L kwa wakati inapita mahali ambapo 4.2 ya dereva mwenye haraka imelala.

Petroli nayo niiseme. Hilux ya petroli ya lita 2.7 ina nguvu ya farasi nyingi kuliko 1HZ, na muuzaji atakuonyesha namba hiyo kwa furaha. Lakini Nm zake ni kama 240, na zinapatikana injini ikiwa karibu na mizunguko 4,000. Itapanda mlima, ila kwa kushusha gia na kuipigisha kelele, na tangi utaliona linavyoshuka. Kwa anayebeba watu wawili na vifaa vya ofisi ni gari zuri, tulivu. Kwa mizigo ya kila siku, chukua dizeli.

Mpwa wangu wa Tandahimba alinifuata msimu uliopita na hela yake tayari.

"Mjomba, mimi nataka silinda sita. Hizi nyingine zitanitesa mlimani."

Nikamuuliza anabeba nini. Korosho wakati wake, miezi mingine saruji na bati. Kutoka wapi? Mtwara mpaka nyumbani. Nikamwambia, mpwa wangu, mlima gani huo unaousema?

Maana Uwanda wa Makonde umekaa kama meza iliyoinamishwa kuelekea baharini. Ukitokea Mtwara unapanda polepole. Mpaka ufike Tandahimba hujui hata umepandia wapi. Kilomita 50 za kwanza, hadi Mnivata, ni lami, na ujenzi wa zile 160 za kuendelea hadi Newala na Masasi ulifuata baadaye. Kinachosumbua njia hiyo ni mchanga kwenye michepuko na kwenye njia za kuingia vijijini. Ukitokea upande wa Masasi habari ni nyingine: unapandishwa ghafla kwenye ukingo wa uwanda, na hapo gari lililojaa linaonyesha ukweli wake. Anayetokea Mtwara na anayetokea Masasi, wote wawili watakuambia wanafanya kazi Newala, lakini hawahitaji injini moja.

Yeye nilimshauri lita 2.5 au 3.0 yenye turbo, na kama bei inaruhusu, 3.0. Sababu yangu ni hii. Gari la 2.5 likiwa limejaa na linapanda kila siku, hata kama ni polepole, injini yake inafanya kazi karibu na mwisho wa uwezo wake, na ikiwa hivyo haikuokolei mafuta kama watu wanavyodhani. Mguu wako unakaa chini muda wote. Ile ya 3.0 inapanda kwenye gia ya tatu mahali ambapo mwenzake yuko ya pili, na joto la maji halisogei. Kwa mtu anayerudi mtupu nusu ya safari zake na anatembea zaidi kwenye lami ya Mtwara, Mingoyo na Lindi, 2.5 inatosha kabisa.

Kushuka nako kuna habari yake, na sijui kwa nini watu hawaulizi. Ukishuka ukingo kuelekea Masasi na magunia nyuma, breki za mguu peke yake zitachemka kabla hujafika chini. Unashuka na gia ya pili, injini ikushikilie. Hapo ukubwa wa injini una maana halisi: lita 4.2 inakushikilia vizuri, ndogo inakuachia na inabidi uanze gia ya chini zaidi tangu juu, ukiwa bado taratibu. Mwenye injini ndogo anashuka salama vilevile akiwa na subira. Asiye na subira aongeze hela anunue kubwa, ni heri kwa kila mtu aliyeko barabarani.

Sasa mafuta. Kwa uzoefu wangu, 1HZ yenye mzigo kwenye njia zetu inakunywa lita 13 hadi 14 kwa kilomita 100, na dizeli ya turbo ya 2.5 au 3.0 inakaa karibu na lita 10. Mtwara hadi Masasi na kurudi ni kama kilomita 400, kwa hiyo tofauti ni lita 12 hadi 16 kwa safari. Chukua bei kikomo ya mafuta ya mwezi huu inayotangazwa na EWURA, mamlaka ya nishati na maji, kwa Mtwara, zidisha, halafu zidisha tena kwa safari zako za mwezi. Tangu 2017 ile ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo injini inayokunywa sana inalipa na kodi zaidi. Kama mzigo wako ni ule ule wa tani moja, tofauti hiyo inatoka mfukoni mwako bila kukuingizia gunia hata moja la ziada.

Kuna watu ambao nawashauri 4.2 bila kusita, na si kwa sababu ya mlima. Ni wale ambao kazi yao iko mbali na fundi. Barabara ya Nangurukuru kwenda Liwale ni kilomita 230, na mvua zikianza kushika kati ya Desemba na Aprili, ukiharibikiwa katikati utalala hapo. Injini za turbo za sasa zinasukuma dizeli kwa presha ya zaidi ya bar 1,000, na nozeli zake za kupulizia mafuta zinaongozwa na kompyuta. Ni injini nzuri mno zikipata dizeli safi. Lakini ukiweka dizeli ya dumu iliyokaa dukani miezi, yenye maji chini, nozeli zinakufa, na hakuna fundi wa kijijini atakayezipima kwa macho. 1HZ ina pampu ya kawaida ambayo fundi wa Masasi anaifungua akiwa chini ya mwembe. Hiyo ndiyo unayoilipia.

Hata aliye karibu na mji aulize kwanza spea. Kimbunga Hidaya kilipoikata barabara ya Dar es Salaam maeneo ya Somanga, Mei 2024, kila aliyekuwa anasubiri kitu kutoka Dar alisubiri kwelikweli. Kabla hujachagua injini, pita maduka ya spea ya Masasi au Mtwara uulize filta ya dizeli, nozeli, gasketi ya silinda hedi na klachi pleti za injini hiyo. Ukiambiwa "tunaagiza" mara nne, hilo ni jibu. Na ukishanunua yenye turbo, badilisha filta ya dizeli mapema kuliko kitabu kinavyosema, mwaga maji yanayokaa chini yake, na ukitoka kupanda mlima usizime injini papo hapo. Iache ingurume dakika moja au mbili ili oili iipoze turbo.

Jambo jingine ambalo dalali hatakutajia ni difu, zile gia za kwenye ekseli, na namba yake. Injini moja, ikiwa na difu ya 4.3, inavuta kwa asilimia 10 zaidi ya ileile yenye difu ya 3.9. Na aliyefunga matairi marefu ili gari lionekane limesimama vizuri ameipunguza nguvu hiyo tena. Nimekutana na pikapu mbili za mwaka mmoja na injini moja, moja inapanda na mzigo kama haina kitu na nyingine inalia, na tofauti ilikuwa matairi tu. Kwa hiyo usiseme injini fulani haina nguvu mpaka umetazama chini ya gari.

Siku ya kwenda kulitazama gari, nenda asubuhi, na umwambie muuzaji mapema kwamba asiliwashe. Likiwaka lenyewe la baridi bila kusumbua, tayari umejua jambo moja kubwa. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma. Moshi mwingi unaosukuma kutoka hapo ni pistoni zilizochoka. Halafu omba kulipakia. Sizungumzii watu watatu nyuma, nasema mifuko 15 au 20 ya saruji, hata kama itabidi uikodi na kulipa wapakiaji. Lipeleke kwenye mlima, weka gia ya tatu, shusha mizunguko hadi 1,500 na ukanyage polepole. Injini inayofaa itakusanya nguvu na kupanda bila kuomba gia. Tazama geji ya joto, tazama moshi kwenye kioo: mweusi kidogo kwa dizeli iliyobeba mzigo si ajabu, wa bluu ni oili inaungua. Mwenye gari akikataa lisipakiwe, usibishane naye. Tafuta gari lingine.