Maswali na Majibu: Kazi Inakwama Wapi?

Mwanzoni mwa mwaka maswali yenu yalikuwa ya mipango. Sasa miezi imesogea na wengi wanaoandika ni walioshindwa, au wanaodhani wameshindwa. Nimechagua saba na kuyafupisha. Mtaona majibu yangu mengi yanaelekea upande mmoja: kabla hujaongeza bidii, tafuta kinachokukwamisha ukiondoe, halafu ndipo tuzungumze habari ya bidii.

Kaka, kuna hesabu inazunguka WhatsApp: ukijiboresha kwa asilimia moja kila siku, mwaka ukiisha unakuwa bora mara 37. Ni kweli? (Mwanafunzi, Eldoret)

Hesabu yenyewe haina kosa. Zidisha 1.01 kwa yenyewe mara 365, utapata karibu 37.8. Kosa ni kumfanya mtu kama amana ya benki inayozaa riba juu ya riba. Ukijifunza kuchapa kwa kompyuta, wiki za mwanzo unapanda haraka, kisha kasi inapungua mpaka huoni kama unasogea. Sijaona mtu aliyeanza Januari na maneno 20 kwa dakika akamaliza Desemba na maneno 750.

Wanaosambaza hesabu hiyo hupenda kutolea mfano timu ya baiskeli ya Uingereza. Dave Brailsford alikabidhiwa usimamizi wake mwaka 2003, na kwenye Olimpiki za Beijing 2008 timu ikabeba dhahabu 7 kati ya 10 za mbio za uwanjani. London 2012 wakabeba 7 tena. Walihangaika na vitu vidogo kweli, hadi namna ya kunawa mikono wasipate mafua, na godoro la kulalia mchezaji akiwa safarini. Lakini nyuma yao kulikuwa na fedha nyingi za bahati nasibu ya taifa, zilizoanza kuingia kwenye michezo ya Uingereza miaka ya 1990. Hiyo huwa haitajwi.

Chukua jambo moja tu kwao: waliivunja kazi kubwa vipande vipande, kila kipande wakauliza hapa tunapoteza nini. Asilimia achana nazo.

Mimi ni fundi cherehani, Mbagala. Wateja wamenibatiza jina "Njoo Kesho". Nimejaribu kulala saa sita usiku na kuamka saa kumi alfajiri, bado nguo zinachelewa. Nijirekebishe vipi?

Pole na kazi, fundi. La kwanza, rudi kulala. Anayekata kitambaa cha mteja na usingizi machoni mwisho wake ni kukilipa.

La pili, tafuta daftari la kawaida la shule. Kila nguo inayoingia iandikie mstari wake: siku iliyoletwa, siku uliyoahidi, siku iliyotoka. Ongeza safu ya nne, na hiyo ndiyo yenye mali: ilikaa wapi bila kuguswa, na kwa nini. Fanya hivyo wiki mbili bila kubadilisha kitu kingine chochote. Utatamani kuanza kurekebisha siku ya tatu. Vumilia.

Naweza kubahatisha utakachokikuta, maana nimekaa sana kwenye mabenchi ya mafundi nikisubiri suruali zangu. Gauni lenyewe halikuchukui siku nzima kulishona. Limekatwa Jumatatu, limeunganishwa Jumanne, kisha likaning'inia ukutani mpaka Ijumaa likisubiri zipu ya rangi yake. Kwa nini zipu haipo? Kwa sababu unanunua mojamoja, nguo ikishafika hatua ya zipu. Kwa nini hununui mapema? Kwa sababu hukumbuki rangi mpaka uwe na kitambaa mkononi. Kwa nini hukumbuki? Kwa sababu mteja akishapimwa, kitambaa kinaviringishwa na kuingia kwenye lundo na vingine, hakuna alama yoyote iliyobaki kwenye daftari la vipimo.

Hapo ndipo penyewe, na dawa yake ni mkasi na pini. Kitambaa kikifika, kata kijipande pembeni, kibane kwenye ukurasa wenye vipimo vya mteja, na uandike chini yake: zipu inchi 8, vifungo 6, bitana nyeusi mita 2. Mara moja kwa wiki nenda Kariakoo na daftari lako, urudi na mahitaji ya nguo zote. Nauli imepungua, na gauni halina sababu ya kulala ukutani.

Huko kuuliza kwa nini juu ya kwa nini ndiko wanakokufanya Toyota kiwandani. Mzee Sakichi Toyoda, ambaye kampuni ya magari ilizaliwa katika kampuni yake, alikuwa mtu wa nguo kama wewe. Mwaka 1924 alitoa mashine ya kufuma iliyosimama yenyewe uzi ukikatika. Katika mashine zisizo na kifaa hicho uzi ulikatika, mashine ikaendelea kufuma kasoro mita kwa mita mpaka mtu aje aone. Kwa hiyo nawe kola ikitoka kombo, usiitupe pembeni kwa kusema utaifumua baadaye. Simama hapo hapo uangalie tatizo ni sindano, ni kipimo, au ni kijana wako anayejifunza na hajaonyeshwa vizuri.

Bado kuna suala la ahadi. Daftari likikuonyesha kwamba gauni linakaa kwako siku sita, mwambie mteja siku nane. Neno "kesho" lifute kabisa kinywani. Na Ramadhani ikifika katikati, funga kupokea oda za Idi. Najua kumrudisha mtu mwenye hela mkononi kunauma. Ila mtoto aliyekosa nguo asubuhi ya Idi, mama yake hatakusahau, na atawasimulia mashoga zake wote.

Nilisikia siku 21 zinatosha kujenga mazoea. Nimesoma kitabu kila usiku siku 21, siku ya 22 nikalala na simu mkononi. Nina tatizo gani? (Dodoma)

Huna tatizo. Umedanganywa namba. Imetokana na daktari mmoja wa Marekani wa upasuaji wa kurekebisha sura, Maxwell Maltz, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura yao mpya. Kadiri maneno yake yalivyosambaa, ile "angalau" ikadondoka njiani.

Phillippa Lally na wenzake wa University College London walilipima jambo hili kwa watu 96, utafiti ukachapishwa mwaka 2010. Kila mmoja alichagua kitu kidogo cha kufanya kila siku baada ya tukio lile lile, kama kunywa maji baada ya kifungua kinywa. Mtu wa katikati alihitaji siku 66. Wa haraka kuliko wote 18, na wa taratibu alikadiriwa kufika 254. Na sikia hili: kukosa siku moja hakukuharibu kitu.

Kwa hiyo siku ya 23 soma. Simu ilale sebuleni ikichajiwa, kitabu kikae juu ya mto, ili usiweze kulala bila kukisogeza. Kurasa mbili zinatosha, hata moja.

Naendesha bodaboda Morogoro. Nikishapeleka hesabu kwa bosi nabaki na elfu tano, siku nzuri elfu saba. Nataka nianze kuweka ili nichukue pikipiki ya mkataba, lakini kila jioni hela inaisha. Nijifunze vipi nidhamu?

Nidhamu iache kwanza. Unaweka akiba jioni, wakati umechoka, una njaa, na marafiki wapo kijiweni. Hapo hata mimi nisingeweka. Weka asubuhi: nauli za mwanzo zikifika elfu moja, hiyo si yako tena, wala haingojei jioni. Siku sita kwa wiki ni elfu sita, kwa mwaka ni shilingi 312,000. Haikununulii pikipiki, lakini inaweza kukufikisha kwenye malipo ya kwanza ya mkataba, au ikakuokoa tairi likipasuka bila kwenda kukopa kwa riba.

Nilisema tuondoe vikwazo. Kwako wewe tunaviongeza, kwenye kutoa. Ukiiacha kwenye salio la kawaida la simu, utaitoa kwa kubonyeza namba ya siri tu. Kibubu cha mbao kilichopigwa misumari pande zote, au kikundi chenye siku maalumu ya kugawana, vinakufaa zaidi. Huyo wa mkataba naye, kabla hujasaini, muulize mbele ya shahidi: ukiugua wiki mbili, nini kinatokea? Jibu liandikwe kwenye karatasi, si mdomoni.

Nina miaka 58 na nina presha. Mwanangu ameniwekea kwenye simu programu ya kuhesabu hatua, inataka 10,000 kwa siku. Mimi nafika 3,000 na naona aibu. (Mama, Tanga)

Shikamoo mama. Hiyo aibu irudishe kwa walioitunga namba. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki za Tokyo, kampuni moja ya Japani ilitoa kifaa cha kuhesabu hatua na kukiita manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Ilikuwa namba nzuri ya kuuzia bidhaa.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, ule wa kukufanya upumue kwa nguvu kidogo huku ukiweza kuongea. Zamani lilisisitiza kila kipindi kisipungue dakika kumi. Mwongozo wa 2020 ukaliondoa sharti hilo, kwa hiyo hata dakika nne za kwenda dukani zinahesabiwa. Una 3,000, wiki ijayo tafuta 3,500 ukae hapo mpaka uzoee. Daladala shuka kituo kimoja kabla ya chako. Jioni jua likipoa, njia ya Raskazone ina upepo wa bahari na watu wa kusalimiana nao. Kizunguzungu au maumivu ya kifua yakija, simama, na uende hospitali.

Kwa kuwa ni presha, tuguse na chumvi. Kiwango cha shirika hilo hilo ni chini ya gramu 5 kwa siku, takribani kijiko kimoja cha chai, na humo mnahesabiwa achari, ng'onda na vile vidonge vya mchuzi. Usiikate siku moja, nyumba nzima itagoma. Punguza robo ya unachotia kwenye sufuria, kaa nayo wiki mbili tatu, kisha punguza tena, ulimi huzoea. Ndimu na pilipili hazina kosa. Dawa za presha usiguse kipimo chake mpaka daktari aseme.

Ofisini kwetu tumepewa mafunzo ya Kaizen, ule mtindo wa Kijapani wa kuboresha kazi kidogo kidogo. Mabango yamebandikwa kila ukuta, hakuna kilichobadilika. (Mtumishi wa umma)

Mabango nayajua. Hospitali nyingi za Tanzania zinayo: Sasambua (yaani ondoa yasiyohitajika), Seti (kila kitu mahali pake), Safisha, Sanifisha (wote wafuate utaratibu mmoja), Shikilia. Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ndiyo iliyotangulia kujaribu, mwaka 2007, kwa ushirikiano na Wajapani. Utaratibu ni mzuri. Unapofia ni pale "Safisha" inapogeuka sherehe ya kupokea mgeni: sakafu inang'aa, mgeni anaondoka, Jumatatu mafaili yamerudi sakafuni.

Msisubiri bosi wala semina nyingine. Chagueni faili linalotafutwa sana kuliko yote na mpime dakika za kulipata, kwa saa ya simu. Yanayoguswa kila siku yakae usawa wa mkono, ya mwaka jana yapande juu. Mihuri iwe na mahali pamoja palipochorwa umbo lake kwa kalamu, ukikosekana kila mtu anaona. Ijumaa saa nane na nusu, kabla ya watu kuanza kuangalia saa, mtu mmoja mwenye zamu arudishe vitu mahali pake. Andikeni jina lake ukutani badala ya bango jingine. Baada ya mwezi pimeni dakika tena.

Na tafadhali, kusasambua si kuchoma moto. Nyaraka za serikali zina utaratibu wa kuondolewa, muulizeni mtu wa masijala kabla hamjatupa hata karatasi moja.

Nimemtumia mume wangu majibu yako yote, habadiliki. Nimfanyeje? (Mombasa)

Dada, acha kumtumia. Mimi huwajibu wanaotaka kujirekebisha wenyewe, na yeye hajaniandikia. Kama kero ni taulo bichi analolitupa kitandani, piga msumari nyuma ya mlango wa chumba, usawa wa bega lake, uone. Kama kero ni kubwa kuliko taulo, mwiteni mtu mzima mnayemheshimu wote wawili mkae mzungumze. Mimi nipo mbali, na sijasikia upande wake.